Maji ya manjanja yangu: shajara ya mtaro, Bukavu

10 Juni 2023

Paa limekamilika wiki tatu sasa. Manjanja, yaani mabati, yanang'aa hadi yanachoma macho, na kila apitaye kwenye avenyu ananipa hongera: "Madamu, umejenga!" Bado sijasikia hata mmoja akiuliza maji ya paa hilo yatakwenda wapi. Mimi mwenyewe sikujiuliza, mpaka mvua za mwisho za Mei ziliponiachia vidimbwi vyekundu katikati ya chumba kitakachokuwa cha watoto.

Daftari hili nimelifungua kwa sababu fundi wangu husahau tulichopatana, nami hukumbuka kwa namna inayonifaa. Tukiandika, huenda tukagombana mara chache.

Mahali: Ibanda, hapa Bukavu, upande wa mlimani, parseli, yaani kiwanja, ya mita 15 kwa 30. Hapa palikuwa shamba la migomba na miavoka la mzee mmoja. Alipofariki, watoto wake walilikata vipande vinne wakauza, nami nikapata cha chini kabisa. Juu yangu kuna nyumba tatu, zote za miaka hii mitano, zote manjanja na nyua za simenti. Chini yangu yuko Koko, yaani bibi, mjane, katika nyumba ya mbao aliyoikalia kabla yeyote kati yetu hajafika. Zamani migomba ndiyo iliyokuwa ikinywa maji ya mteremko huu. Sasa migomba imekuwa vyumba na sebule.

Baba watoto ndiye aliyenisukuma nianze. Tangu tarehe 4 Mei, maji na matope yaliposhuka vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe na kuua watu zaidi ya 400, halali mvua ikinyesha. Kalehe si mbali na sisi, ni barabara hiihii ya ziwa Kivu tunayopita tukienda Goma. Anaamka, anavaa buti, anazunguka nyumba na tochi. Nikimwuliza anatafuta nini, anasema hajui.

17 Juni

Tumepima mteremko. Fundi alikuja na tiyo nyembamba, bomba laini linaloonyesha ndani, akaijaza maji, yeye akashika ncha moja na kijana wake nyingine. Pale maji yanapotulia pande zote mbili ndipo usawa ulipo. Hakuna betri, hakuna cha kuharibika, ila usikanyage tiyo katikati.

Kutoka kona ya juu hadi ukuta wa chini tunashuka mita 6 ndani ya mita 30, yaani sentimita 20 kwa kila mita. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni ua wa mbele. Kwa macho yangu, na ninaapa, ua ule unainamia avenyu. Tiyo imesema unainamia mlango wa jikoni, kwa sentimita 4. Ningemwaga simenti kama nilivyopanga, ningekuwa nimejenga bwawa lenye jiko katikati.

24 Juni

Nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo sehemu hii niliifurahia kuliko ilivyostahili.

Msingi wa yote: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu ni mita za mraba 120. Mvua ya nguvu ya kwetu, ile inayokuzuia kusikia mwenzako mezani, nimeikadiria milimita 60 kwa saa. Paa peke yake basi linatoa lita 7,200 kwa saa, lita 2 kila sekunde. Ndoo inajaa kabla hujamaliza kuita mtoto alete nyingine.

Kisha parseli nzima. Si maji yote yanayoanguka hutiririka, mengine ardhi huyanywa. Kwenye manjanja na simenti nimehesabu kwamba sehemu tisa kati ya kumi zinashuka, kwenye udongo wenye majani sehemu nne. Wakati wa migomba nadhani ilikuwa kama tatu na nusu. Kwa hiyo kipande hiki, ambacho zamani kilimtumia Koko lita 2.6 kwa sekunde katika mvua ya namna hiyo, sasa chenye nyumba na ua kitamtumia karibu 4.7. Ongezeko hilo lote ni langu. Sijahesabu majirani watatu wa juu, maana nao wananimwagia mimi kwanza.

Niliandika tarakimu hizo mbili kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Baba watoto alizitazama, akasema, "Yaani tumemjengea Koko mto."

1 Julai

Kaka yangu amepiga simu kutoka Goma. Yeye haoni shida. "Chimba shimo moja, elekeza tiyo za paa humo, weka dale ya betoni juu, sahau. Mimi langu lina miaka kumi." Ni kweli, nimeliona. Lakini Goma imekaa juu ya lava. Ile iliyotoka volkeno ya Nyiragongo Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na chini yake kuna nyingine za kale. Ni jiwe lenye nyufa na matundu, maji yakiingia hayarudi. Huku kwetu nako chini ni mawe ya volkeno, lakini ya kizamani sana. Jua na mvua vimeyaozesha mpaka yamekuwa udongo huu mwekundu unaonata kwenye viatu kuanzia Septemba hadi Mei.

Nikafanya jaribio. Shimo la sentimita 30 kila upande, tukalijaza maji jioni tukaliacha lilewe usiku kucha. Asubuhi tukajaza tena, nikasimamisha rula ndani. Baada ya saa nzima maji yalikuwa yameshuka milimita 6.

Fundi aliitazama rula, akanitazama mimi. "Madamu, hapa ni sahani."

15 Julai

Hata hivyo tumechimba shimo. Naandika haya bila kujitetea. Lilikuwa na bei ya siku nne za vijana wawili, na mtaro wa mawe ulikuwa na bei ya bati la nyumba nyingine. Kaka alikuwa amesema chini zaidi udongo hubadilika. Nilitaka kumwamini, basi nikamwamini. Kipenyo mita 1.2, kina mita 3, mahali pekee palipobaki wazi: mita mbili nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo, juu ya jiko la Koko.

Udongo haukubadilika. Kwenye mita ya tatu ulikuwa uleule, umelowa kidogo tu.

Agosti

Kiangazi. Vumbi, lipu, rangi. Hakuna la kuandika kuhusu maji, na hiyo ndiyo hatari ya kiangazi cha Bukavu. Miezi mitatu mtu anajiona amemaliza.

Nimetengeneza kipimo cha mvua: kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, limefungwa juu ya nguzo mbali na paa na miti. Rula, basi.

23 Septemba

Milimita 31 kwa dakika 50, alasiri.

Gutieri, mifereji ya ukingo wa paa, zilifanya kazi, tiyo zilifanya kazi, shimo nalo lilifanya lile ambalo shimo la udongo huu linaweza: lilijaa. Ningepiga hesabu hiyo Julai ningecheka. Paa langu katika mvua ile limetoa kama lita 3,350, na shimo linabeba 3,400. Mvua moja tu, na wala haikuwa kubwa.

24 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi Koko amesimama langoni. Hakupaza sauti. "Mwanangu, njoo uone jiko langu."

Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta wangu, taratibu, kama jasho, yakiingia jikoni kwake kwenye pembe ya mafiga. Kuni zimelowa, unga wa muhogo umelowa. Mvua ilikwisha jana jioni, na bado yalikuwa yanakuja. Nikapanda juu kuutazama ukuta upande wangu. Kuna ufa, unaanzia juu kabisa kushuka kwa mshazari, upana wa ukucha. Nimeweka alama ya penseli mwisho wake na tarehe.

Fundi alipofika hakusema "nilikwambia", nami nilimshukuru kimoyomoyo. Alisema tuchote maji shimoni sasa hivi. Tumechota kwa ndoo, sisi wanne na mtoto wa Koko, mpaka saa nne.

Usiku nimepiga hesabu ambayo ingekuwa ya kwanza. Ukuta wa mita 2, maji yakisimama nyuma yake hadi juu, unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wangu una mita 12. Tani 24, na hapo bado udongo wenyewe, ambao ukilowa unakuwa mzito zaidi na unateleza zaidi. Na katika ukuta wote ule wa mawe hakuna hata tundu moja la kutolea maji. Tulisahau. Fundi anasema mimi ndiye niliyekataa, kwa kuwa matundu yangeharibu sura ya ukuta. Daftari lilikuwa halijafunguliwa bado, kwa hiyo hakuna ushahidi.

30 Septemba

Shimo limezikwa. Hatukulijaza mawe wala mchanga, maana lingebaki kuwa kikombe. Tumerudisha udongo uleule mwekundu kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka ikipigwa kwa gogo mpaka mikono ikauma. Juu kabisa udongo umeinuka kama mgongo, usikusanye maji.

Ukutani tumetoboa matundu, tiyo ndogo kila mita moja na nusu, safu mbili. Nyuma ya ukuta tumechimba mfereji mwembamba tukajaza kokoto ili maji yapate njia ya kufika kwenye matundu. Kazi hii ukifanya wakati wa kujenga ni ya siku moja. Baadaye ni ya wiki, na nyundo mbili zimevunjika mpini.

Sura ya ukuta, kwa taarifa, haijaharibika.

7 Oktoba

Leo tumeketi na Koko, shefu wa avenyu, na jamaa mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani, ambaye ni mjomba wa mtu fulani na hupenda sana kuitwa kwenye mambo ya namna hii. Alituambia sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ina sehemu yake kuhusu servitidi, yaani mzigo ambao parseli moja inabeba kwa faida ya nyingine. Kwa ufupi wake: aliye chini hupokea maji yanayoshuka yenyewe kwa maumbile ya mahali. Lakini aliye juu hana ruhusa ya kuyakusanya, kuyatia kwenye tiyo na kumpiga nayo jirani.

Njia pekee ya maji yangu ni mtaro wa umma ulio chini ya parseli ya Koko. Kuna mita 18 za ardhi yake katikati. Kwa hiyo ilinibidi niombe. Nilikuwa nimejiandaa kulipa, nikataja kiasi. Koko alicheka mpaka akashika magoti.

"Pesa yako nitakula siku ngapi? Mimi nataka vitu viwili. Mtaro ufunikwe pale mlangoni kwangu, wajukuu wasitumbukie. Na maji ya manjanja yako, kabla hujayatupa, niwe nachota bidoni zangu."

Bomba la avenyu yetu linapokauka, na hukauka, Koko hutuma wajukuu chini mpaka ziwani na bidoni za lita 20. Mimi ninahangaika mahali pa kutupa lita 2 kila sekunde. Niliona aibu nikanywa chai yangu.

Shefu ameandika makubaliano, nakala tatu, tumetia sahihi sote, Koko kidole gumba. Mtaro utapita ukingoni mwa parseli yake, hautapita katikati. Kuusafisha ni kazi yangu, hata upande wake. Nikiuza nyumba, atakayenunua anarithi kazi hiyo. Kipengele hicho cha mwisho aliking'ang'ania mstaafu, nami sasa naona kilistahili chai yote aliyokunywa.

28 Oktoba

Vipimo. Fundi anataka kanivo, yaani mtaro, ya sentimita 30 kwa 30. Mimi nilileta karatasi yangu: kwa mteremko huu, lita 5 kwa sekunde ndani ya mtaro wa upana huo zina kina cha sentimita moja na kidogo. Hata nikipokea maji ya nyumba zote tatu za juu, tuseme lita 20, ni sentimita 3. Kwa nini tuchimbe 30?

"Madamu, beleshi lina upana gani?"

Nikaenda kupima beleshi. Sentimita 24.

Hiyo ndiyo sababu, na haimo katika kitabu chochote nilichofundishia. Mtaro ambao beleshi haliingii hausafishwi, na usiposafishwa msimu mmoja haupo tena. Karatasi yangu hata hivyo ilisaidia kwa jambo jingine, mwendo. Kwenye mteremko wa sentimita 20 kwa mita, maji hayo ya sentimita 3 yanakimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Udongo huu hauvumilii nusu ya hapo kwa muda mrefu. Makorongo mengi yanayokula avenyu za mji huu yalianza kama mfereji wa jembe ambao mtu aliuchimba ili maji yaondoke upesi mlangoni kwake.

Kwa hiyo: mawe na simenti tangu mwanzo hadi mwisho, na pale penye mporomoko mkali, kutoka juu ya ukuta hadi mpaka wa Koko, ngazi. Mita 3 za kushuka, ngazi 12 za sentimita 25. Maji yanaanguka, yanagonga, yanapoteza nguvu, yanaanguka tena. Kila ngazi imeachiwa mdomo mdogo mbele, ili maji yagonge maji na yasigonge simenti kavu.

18 Novemba

Kazi imefika nusu. Mifuko ya simenti 21 mpaka sasa. Mvua inatukatiza kila alasiri, kwa hiyo tunaanza saa kumi na mbili na kufunika kwa turubai saa saba. Saruji mbichi iliyonyeshewa mara moja, Jumanne, tumeibomoa. Mawe tumeyaokoa.

Tumeanza kutoka chini, kwenye mtaro wa umma, tukipanda. Mtu mmoja wa avenyu alitushangaa, akasema nyumba huanzia kwa mwenyewe. Lakini ukianza juu, mvua ya siku hiyohiyo itafuata mtaro wako mpaka pale ulipoishia, na pale ulipoishia ni jikoni kwa mtu.

2 Desemba

Mtaro umekamilika, mita 48, mifuko 37. Nimekuta fundi amefunika sehemu ya mlangoni kwa Koko na dale sita nzuri kabisa, na amezishika kwa simenti pande zote.

"Utazifunguaje kusafisha?"

Kimya.

Tumezing'oa kabla hazijakauka. Sasa kila dale ina vishikio viwili vya nondo, na watu wawili wanaiinua. Wajukuu wamekwisha kugundua kwamba ukizirukia zinatoa sauti kama ngoma.

9 Desemba

Milimita 44 ndani ya saa moja na dakika chache. Tulitoka na miamvuli kutazama, sote, kama watu waliokwenda mpira. Ngazi zilinguruma. Matundu ya ukuta yalitoa maji mekundu, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe. Jiko la Koko, kavu.

Halafu dakika ya arobaini mtaro ukafurika kwa juu, pale unapoingia parseli yangu. Baba watoto aliingiza mkono mpaka begani akatoa pampasi mbili, chupa, kiatu cha mtoto, na kitita cha sashe za plastiki kilichosukwa kama kiota. Yote ya kutoka juu.

Kwa hiyo lita zangu kwa sekunde zilikuwa sahihi, lakini mtaro wa Bukavu haubebi maji tu. Chupa ileile ikipita hapa itafika kwenye mtaro wa umma, ikifika huko itafika ziwani, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, ambako bwawa la umeme la tangu 1958 linapambana na plastiki zinazojikusanya mbele ya mitambo. Umeme ukikatika, tunakaa gizani tukilaani, na pengine kilichotuzimia taa tulikitupa wenyewe Jumatatu.

20 Desemba

Siku ya uchaguzi. Mafundi hawakuja, nami nimepanga foleni tangu asubuhi na kidole kina wino. Jioni nimechora chujio: vyuma vya nondo, nafasi ya sentimita 4 kati yao, vimelala kwa mshazari. Likisimama wima uchafu unaliziba kama ukuta. Likilala, maji yanasukuma takataka juu na zinabaki hapo zikikauka, unaziokota kwa mkono. Chini yake sanduku la betoni la sentimita 60 kila upande, ili mchanga ukae humo kabla ya kuteremka.

13 Januari 2024

Baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, nimewaita majirani wa juu. Wawili walikuja kuona. Niliwafungulia sanduku la mchanga: toroli mbili na nusu ndani ya wiki tatu, na udongo ule si wangu, wangu una majani sasa. Ni ua wao unaoshuka. Hawakupenda kuambiwa, lakini mtu anapoona udongo wa nyumba yake umelala kwenye sanduku la jirani, hesabu anaifanya mwenyewe. Wameunganisha gutieri zao kwenye mtaro mmoja wa ukingoni unaoingia kwenye chujio langu, na wamechanga mifuko minane.

Wa tatu amesema maji hushuka kwa amri ya Mungu. Sina jibu la hilo. Nimeinua tuta la mawe kwenye mpaka wetu ili amri hiyo ielekee kwenye mtaro.

24 Februari

Tanki la lita 3,000 limekaa juu ya jukwaa la mawe, na bomba la Koko liko upande wake wa uzio, ana ufunguo wake. Kabla ya tanki kuna tiyo iliyosimama yenye kizibo chini, inayopokea maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege. Yakijaa hapo, yanayofuata ndiyo yanaingia.

Sasa kuna mvutano ambao sikuufikiria. Kama mama wa nyumba nataka tanki lijae wakati wote. Kama mwenye mtaro nalitaka tupu kabla ya kila mvua, maana tanki lililojaa halizuii hata kikombe. Milimita 28 zinalijaza, na kwa Aprili hizo ni za mvua moja au mbili. Fundi wa mabomba, kijana mwenye maneno machache, ndiye aliyepata dawa. Ametoboa tundu la upana wa kidole kidogo katikati ya kimo cha tanki, likiongoza mtaroni. Nusu ya chini ni ya kunywa na kufua, haiguswi. Nusu ya juu hujaa mvua inaponyesha, kisha hujimwaga polepole kwa saa tatu au nne, wakati mtaro hauna tena kazi. Lita 1,500 zinazochelewa. Milimita 14 za mwanzo za paa langu haziingii kabisa kwenye purukushani.

Sikumlipa vya kutosha.

30 Machi

Mvua karibu kila siku. Nimepanda majani ya vetiva mistari mitatu juu ya ukuta, na matete kwenye ukingo wa yule jirani wa tatu. Vetiva inasimama, mizizi inashuka wima. Mbuzi wa mtu ameipitia mara moja, hakuipenda.

Mgongo wa shimo lililozikwa umezama sentimita 5. Nimeongeza udongo, nimepiga tena. Hilo nilitarajia, lakini sikulala usiku ule.

4 Mei

Milimita 38, usiku. Baba watoto aliamka akavaa buti kama kawaida, akatoka na tochi. Alirudi baada ya dakika kumi. Nilimsikia akivua buti moja, kisha ya pili, kisha akaniambia chujio limejaa majani ya avoka, atalitoa asubuhi.

25 Mei

Usafi wa mwisho kabla ya kiangazi. Dale zote zimeinuliwa. Ngazi ya saba imemeguka mdomo, mfuko mmoja wa simenti utatosha. Kwenye sanduku toroli tatu. Koko hataki tope hilo litupwe. Amelitandaza nyuma ya jiko na amepanda lengalenga, anasema udongo wa mapaa manne hauwezi kukosa mbolea.

Ufa wa ukuta: alama ya penseli ya 24 Septemba bado iko mwisho wake, haijapitwa. Nimebandika juu yake kipande cha plasta chenye tarehe ya leo. Kikibaki kizima hadi Desemba, nitaziba.